Mpemba aliuliza swali Mkwawa, ukumbi ukacheka: ni nini hasa kinachomfanya mtu awe mtafiti?

#1 Mwalimu wa Mafinga

Wakuu, salaam.

Nafundisha kemia na baiolojia katika shule ya sekondari huku Mufindi, mwaka wa saba sasa. Wiki iliyopita nilikuwa nawaeleza kidato cha tatu namna jaribio la kisayansi linavyofanywa, nikawatolea mfano wa Erasto Mpemba, mwanafunzi aliyegundua pale Mkwawa, Iringa, kwamba maji ya moto yanaweza kuganda kabla ya maji ya baridi. Binti mmoja wa dawati la nyuma akaniuliza, "Mwalimu, baadaye akawa profesa wa chuo gani?" Sikuwa na jibu. Jioni nilitafuta, nikakuta kwamba mtu huyu, ambaye jina lake limebandikwa kwenye jambo la fizikia linalojadiliwa dunia nzima, aliishia kufanya kazi ya wanyamapori serikalini.

Tangu siku hiyo nimekuwa na dai moja, nami nalileta hapa mlipime. Nadai kwamba mlango wa utafiti nchini kwetu hufungwa mtu akiwa na miaka ishirini na mitatu au minne, siku matokeo ya shahada ya kwanza yanapotoka, na baada ya hapo hakuna anayeuliza tena kama una swali kichwani. Mimi nilimaliza na wastani wa 3.6 kati ya 5. Hata hivyo ninalo daftari la miaka minne la vipimo vya pH (kiwango cha asidi) ya maji kutoka chemchemi tatu, mbili zikiwa kandokando ya mashamba ya chai na moja ndani ya msitu wa misonobari, nilivyovichukua kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Sijui nilipeleke wapi daftari hilo.

Naomba wenye uzoefu wanijibu bila kunibembeleza. Kinachomfanya mtu awe mtafiti ni nini hasa, na je, mtu aliyeko Mafinga anaweza kukipata bila kuhamia Dar es Salaam au Morogoro?

#2 Bwana Takwimu

Mwalimu, umekataa kubembelezwa, basi pokea. Jibu ni wastani wa shahada. Chuo kikuu hakikuajiri ukiwa chini ya 3.5, na bila kuajiriwa chuoni huna maabara, huna maktaba, huna wa kukusomesha. Watu hulalamika kwamba kipimo hiki ni cha kikatili, lakini mimi nakitetea, kwa sababu wastani haumjui mjomba wako. Tukiuondoa, nafasi zitagawanywa kwa simu.

Swali langu kuhusu daftari ni moja. Hicho kipimo chako cha pH ulikuwa unakisawazisha mara ngapi, yaani kukilinganisha na vimiminika ambavyo pH yake inajulikana, na kwa vimiminika gani?

#3 Karani wa Idara

Namrekebisha Bwana Takwimu (#2) kidogo. Kiwango ambacho vyuo vikuu hutumia kuajiri mkufunzi msaidizi ni 3.8 kwa shahada ya kwanza, na kwa mhadhiri msaidizi huongezwa sharti la 4.0 kwenye uzamili. Hiyo 3.5 ndipo linapoanzia daraja la pili la juu, na nadhani ndipo alipochanganya. Anayefuata ni mhadhiri, ambaye hutakiwa awe na uzamivu, kisha mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki na profesa, na huko juu watu hupanda kwa makala zilizochapishwa na kupitiwa na wenzao wa fani, si kwa miaka waliyokaa kazini.

Hata hivyo hiyo ni ngazi ya vyuo tu, na Mwalimu asidhani ndiyo pekee. TARI ya kilimo ipo Uyole, NIMR ya tiba ipo Mbeya mjini, na TAFORI ya misitu ina kituo huko huko kwako Mufindi. Taasisi hizi zina muundo wao wa utumishi, na miradi inayoendeshwa ndani yake huchukua wasaidizi wa utafiti kwa mkataba. Nimewaona watu wakiingia kwa mlango huo wakiwa na shahada za kawaida kabisa, wakatoka na uzamili uliolipiwa na mradi. Nimewaona pia waliokaa miaka tisa kwa mikataba ya miezi sita sita, wakikusanya madodoso ya watu wengine hadi nywele zikaanza mvi.

#4 Mzee wa Kihesa

Kamwene, vijana.

Kabla hamjaendelea kumtumia Mpemba kama ushahidi, tuweke historia yake sawa. Ugunduzi haukutokea Mkwawa. Ulitokea mwaka 1963 katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, alipokuwa kidato cha tatu. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa, kuyatia sukari, kisha kuyaacha yapoe kwanza ndipo wayaingize kwenye friza. Siku moja nafasi kwenye friza ilikuwa ya kugombania, Mpemba akaona akisubiri atakosa, akaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto. Yake yakaganda kabla ya ya mwenzake.

Mkwawa, ambayo wakati huo ilikuwa shule ya sekondari ya juu na haijawa chuo kikuu kishiriki (hilo limetokea mwaka 2005), ndiko alikobeba swali lake. Mwalimu alimjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Kisha akaja Dk. Denis Osborne kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kutoa mhadhara, na Mpemba akasimama mbele ya wote akauliza. Wenzake walimcheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar, akamwagiza fundi wa maabara afanye jaribio, na fundi akaja kuripoti kwamba kweli ya moto yametangulia, lakini akaongeza kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi! Mwaka 1969 Osborne na Mpemba walichapisha makala pamoja.

Sasa, Mwalimu, angalia vizuri kilichotokea. Friza ilikuwapo, swali lilikuwapo, kicheko kilikuwapo. Kilichoongezeka Iringa ni mtu mmoja mwenye maabara aliyekubali kupoteza mchana mmoja kwa ajili ya swali la mwanafunzi. Na naomba tusimfanye Mpemba kielelezo cha kushindwa kwa sababu alikwenda Chuo cha Mweka na kufanya kazi ya wanyamapori, kwani kuhifadhi tembo nako kunahitaji watu wanaouliza maswali.

#5 Mwalimu wa Mafinga

Mzee wangu, shikamoo, na asante kwa kunisahihisha. Jumatatu nitalazimika kurudi darasani na kukiri.

Kwa Bwana Takwimu: mwaka wa kwanza nilikisawazisha kila mara, kwa vimiminika vya pH 4 na pH 7 vya shuleni. Vilipoisha havikununuliwa vingine. Miaka mitatu iliyofuata nimepima hivyo hivyo.

#6 Bwana Takwimu

Basi una daftari la mwaka mmoja, ndugu yangu, na mengine ni shajara.

#7 Binti Tukuyu

Bwana Takwimu ana ulimi wa pilipili kichaa, lakini nitamjibu baadaye. Kwanza niseme langu kuhusu wastani, kwa sababu mimi nilikuwa nao. Nilimaliza na 4.2, nikaajiriwa, nikapelekwa kusoma uzamivu, na nusura niache yote.

Kinachomjenga mtafiti au kumbomoa ni msimamizi. Niliwasilisha sura ya pili ya tasnifu yangu kwa msimamizi wa kwanza, katika chuo ambacho sitakitaja, ikakaa kwake miezi kumi na mmoja. Nilikuwa namsubiri kwenye korido, nikijua hata saa anayoenda kunywa chai. Iliporudi ilikuwa na alama tatu za kalamu nyekundu, zote tatu kwenye ukurasa wa shukrani, ambako nilikuwa nimekosea kuandika cheo chake. Mwaka huo huo alikuja mtu mwingine, mgeni wa idara kwa wiki mbili tu, akaomba kuona takwimu zangu. Tulikaa naye kuanzia saa nane mchana. Aligeuza kalenda ya ukutani, akachora kwa penseli grafu niliyopaswa kuwa nimeichora miaka miwili kabla, kisha akaniuliza swali moja: "Kwa nini nukta hizi nne zimekaa mbali na wenzake?" Nukta hizo nne ndizo zilizokuja kuwa makala yangu ya kwanza.

Kwa hiyo namuunga mkono Mzee wa Kihesa (#4). Unaweza kuwa na 5.0 ukampata wa kuhesabu koma, na unaweza kuwa na 3.6 ukampata Osborne. Kwa bahati mbaya fomu ya maombi haina sehemu ya kumchunguza msimamizi, na vyuo vyetu havitangazi wanafunzi wa mwalimu fulani wamemaliza kwa miaka mingapi. Mwalimu, kabla hujalipa ada popote, watafute wanafunzi wake wa zamani, hasa wale walioacha.

Kuhusu daftari, Bwana Takwimu amekosea. Kama kipimo ni kile kile, na chemchemi zote tatu zilipimwa siku moja, kosa la kipimo linaziangukia zote kwa pamoja. Tofauti kati ya chemchemi na chemchemi bado inaweza kusimama hata kama namba zenyewe zimeteleza.

#8 Bwana Takwimu

Ingesimama kama kosa lingekuwa kuongeza au kupunguza kiasi kile kile tu. Kipimo kilichochakaa hupoteza pia mwinuko wake, yaani namba zake hazipandi na kushuka tena sawasawa na pH halisi, kwa hiyo kosa kwenye maji ya pH 5 si sawa na kosa kwenye maji ya pH 7, na tofauti unayoiona kati ya chemchemi inaweza kuwa imefinywa. Nakubali, hata hivyo, kwamba ipi ina asidi zaidi kuliko ipi inaweza kubaki kweli. Narudisha nusu ya neno "shajara".

#9 Kijana wa Makete

Wakubwa, habari za jioni. Mimi ni mkulima wa viazi na ngano karibu na Kitulo, elimu yangu ni kidato cha sita. Nimesoma habari za Mpemba nikacheka, kwa sababu huku mwezi huu hatuhitaji friza. Asubuhi nyasi zote ni nyeupe kwa sakitu na ndoo iliyosahaulika nje ina utando wa barafu. Nina sufuria mbili na usiku usio na mawingu. Leo naweka moja ya maji ya moto na moja ya maji ya kisima, tumalize ubishi uliodumu tangu 1963.

#10 Karani wa Idara

Kijana, mfalme Mkwawa alipigana na Wajerumani miaka saba, nawe unataka kumaliza vita hii kwa sufuria mbili. Kila la heri, na ulale na soksi.

#11 Mdau wa Mbegu

Nimesoma wastani, nimesoma msimamizi. Hakuna aliyegusa muda, nami nimekaa Uyole muda wa kutosha kuona kwamba muda ndio unaochuja watu kuliko vyote.

Mnaonunua maharage pale Mwanjelwa na kuuliza kama ni Njano Uyole, fikirini jinsi mbegu ya namna hiyo inavyopatikana. Unachavusha maharage kwa mkono, ua kwa ua, kwa kibano, ukiwa umeinama. Unachopata ni mbegu chache ndani ya bahasha. Unazipanda, unachagua, unapanda tena, kizazi hadi kizazi, mpaka mimea iache kubadilikabadilika. Kisha unaijaribu kwenye vituo na kwenye mashamba ya wakulima sehemu zenye hali ya hewa tofauti, misimu kadhaa, halafu inakuja mamlaka ya mbegu, TOSCI, nayo inafanya majaribio yake. Miaka minane hadi kumi si ajabu, na katikati ya hiyo miaka ukungu mmoja wa majani unaweza kula kitalu kizima. Angalieni hata majina: Uyole 94, Uyole 96. Hizo namba zinataja mwaka mbegu ilipotolewa, wala hazisemi kazi ilianza lini.

Sasa mweke mtu huyo kwenye mizani ya makala. Mwenzake wa chuoni amechapisha makala sita kwa madodoso yaliyokusanywa kwa wiki mbili. Yeye ana mbegu moja inayoliwa na mamilioni, lakini ukihesabu makala anaonekana mzembe. Vijana wenye akili huliona hilo mapema, wakaenda kwenye kazi za mashirika, ambako gari lina mafuta. Kwa hiyo, Mwalimu, swali lako lina jibu lisilopendeza: anayekuwa mtafiti ni yule ambaye familia yake inaweza kumvumilia.

#12 Mama Maabara

Baba wa mbegu, nakuheshimu, lakini "familia ivumilie" ni neno tamu kwa mwanamume. Mimi nilipokuwa na mtoto wa miezi mitano na safari ya siku kumi ya kukusanya sampuli ikatangazwa, hakuna aliyeuliza familia yangu inavumilia kiasi gani. Jina langu liliondolewa tu kwenye orodha ya gari.

Nimekuwa fundi wa maabara Mbeya kwa miaka mingi, na maelezo yangu ni fedha, tena fedha zinatoka wapi. Sehemu kubwa ya utafiti wa tiba huku hufanywa na miradi inayofadhiliwa kutoka nje, na nina haki ya kusema kwamba imetufaa. Ushirikiano wa NIMR Mbeya na Chuo Kikuu cha Ludwig Maximilian cha Munich, ulioanza miaka ya 1990, umejenga maabara na kusomesha watu ambao leo wanaongoza tafiti za kifua kikuu na UKIMWI. Lakini mradi una mwanzo na mwisho wake. Kuna mahali nilifanya kazi, si hapo, ambapo mradi uliisha Desemba na mkataba wa mtu wa kutunza friza la nyuzi themanini chini ya sifuri ukaisha naye. Februari umeme ukakatika usiku, jenereta halikuwaka kwa kuwa dizeli ilikuwa haijaidhinishwa na mtu yeyote, na asubuhi nilikuta maji yametambaa kutoka chini ya mlango hadi kwenye ngazi. Nilifungua. Vichupa vilikuwa vimeelea ndani ya masanduku yake, na lebo zilizoandikwa kwa kalamu zimevuja rangi ya samawati. Damu za miaka mitatu. Kijana aliyekuwa akizitegemea kwa uzamili wake alikuja, akatazama, hakusema neno, akaanza kuokota lebo moja moja na kuzianika kwenye gazeti. Sasa anauza vifaa vya simu Kabwe, na anafanya vizuri.

Wastani wake ulikuwa 4.1, Bwana Takwimu. Na msimamizi wake, Binti Tukuyu, alikuwa mtu mwema.

#13 Binti Tukuyu

Dada Maabara, pole sana. Sina la kujibu hapo.

#14 Bwana Takwimu

Pole, Mama. Hata hivyo hoja ya fedha za nje ina upande wa pili, nao ni nani anaandikwa kwanza kwenye makala. Mfano uko hapa hapa Rungwe: wazungu walikuja mwaka 2005 wakamgundua nyani kipunji, Wanyakyusa wakabaki kuwa wabeba mizigo.

#15 Mlinda Msitu

Bwana Takwimu, wewe unayedai usahihi kwa wengine, kubali kusahihishwa mara mbili katika uzi mmoja.

Kwanza, 2005 ni mwaka makala ilipotoka katika jarida la Science. Kazi yenyewe ilianza 2003, wakati timu iliyokuwa ikifanya utafiti Mlima Rungwe iliposikia kwa wawindaji habari za kima mwenye haya anayeitwa kipunji. Watafiti walisita mwanzoni, kwa kuwa simulizi za Wanyakyusa zina wanyama wa kweli na wa kufikirika pia. Mwaka uliofuata timu nyingine, bila kujua ya kwanza imeona nini, ikamwona mnyama yule yule katika msitu wa Ndundulu, upande wa Udzungwa. Pili, miongoni mwa waandishi saba wa makala hiyo wamo Watanzania, Noah Mpunga na Sophy Machaga. Hawakuwa wabeba mizigo.

Jambo ambalo watu hulisahau ni hili: jina la kisayansi la mwaka 2005 lilitegemea picha. Ilipofika 2006 ndipo alipopewa jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) yake mwenyewe, Rungwecebus, na hiyo ilikuwa jenasi mpya ya kwanza ya nyani au kima hai wa Afrika tangu 1923. Vinasaba vilivyothibitisha vilitoka kwa mnyama aliyekutwa amekufa kwenye mtego wa mkulima shambani. Mtego wa mahindi, mabibi na mabwana.

Kwa hiyo mimi ningesema kinachomfanya mtu awe mtafiti ni kukaa mahali pamoja muda mrefu mpaka wenyeji wakuambie wanachokijua, kisha uwe na adabu ya kuwaamini kiasi cha kwenda kutazama. Kwa hoja hiyo Mafinga ni pazuri kuliko Dar es Salaam.

#16 Kijana wa Makete

Matokeo ya usiku wa kwanza: saa kumi na nusu alfajiri sufuria ya maji ya kisima ilikuwa na barafu juu, na ile ya moto ilikuwa bado maji matupu. Mpemba amekosea. Poleni.

#17 Bwana Takwimu

Maji yalikuwa kiasi gani kila moja? Sufuria zilikuwa za aina moja? Zilikaa juu ya nini?

#18 Kijana wa Makete

Nilikadiria kwa macho. Moja ni ya alumini, nyingine ni ya bati. Ya kisima niliiweka kwenye nyasi, ya moto niliiweka juu ya jiwe ili isiunguze nyasi.

#19 Mzee wa Kihesa

Mjukuu wangu, jiwe hilo lilikuwa limeota jua mchana kutwa na usiku linarudisha joto lake. Umepima jiwe. Lakini usikate tamaa, kwani wakubwa nao hawajaafikiana. Mwaka 2016 Burridge na Linden wa Uingereza walirudia majaribio haya, wakaonyesha kwamba ukisogeza kipimajoto kidogo tu ndani ya chombo unaweza kupata jibu linalofanana na la Mpemba au lisilofanana nalo. Wengine wanataja uvukizi, wengine hewa iliyoyeyuka ndani ya maji, wengine namna maji yanavyozunguka yakiwa na joto, na wengine wanasema jambo lenyewe halipo.

#20 Mhadhiri Msaidizi

Nimekuwa nikisoma kimya, ila Karani (#3) na Mdau wa Mbegu (#11) wamegusa makala, nami nina aibu yangu ya kuungama, labda imfae Mwalimu.

Mwaka wangu wa pili kazini nilipokea barua pepe iliyoniita "Profesa mashuhuri" na kunialika kuchapisha. Sikuwa profesa, sikuwa mashuhuri, lakini kupanda cheo kulihitaji makala. Nilituma Jumatatu, Alhamisi nikajulishwa kwamba wapitiaji wawili wameisifu sana, nikalipa dola mia moja na hamsini kwa mkopo wa SACCOS. Baadaye nilipoifungua makala yangu nikakuta jedwali la tatu limebandikwa mara mbili na hakuna aliyeliona, wapitiaji wala mhariri. Kamati ya chuo iliikataa, kwa haki kabisa. Nilipotaka kuipeleka jarida la kweli nikaambiwa haiwezekani, imeshachapishwa. Takwimu zile, ambazo nilizipata kwa kutembea vijiji kumi na viwili vya Ileje kwa bodaboda na kwa miguu, zimefia pale.

Mwalimu, jarida zuri huchukua miezi, hukurudishia maswali yanayoumiza, na mengi hupunguza au kufuta ada kwa waandishi wa nchi zenye kipato cha chini ukiomba kabla ya kuwasilisha. Angalia masharti yake upya kila mara, kwa sababu Tanzania ilipandishwa na Benki ya Dunia kuwa nchi ya kipato cha kati cha chini Julai 2020, na baadhi ya misamaha hutolewa kwa kufuata orodha hiyo. Tulishangilia kupanda daraja, tukasahau kwamba ankara nazo husoma madaraja.

#21 Karani wa Idara

Asante kwa ujasiri, Mhadhiri. Niongeze la kiutaratibu: Mwalimu akiamua kusoma uzamili, aulize kama ni wa masomo ya darasani na tasnifu fupi au ni wa tasnifu tupu. Wa tasnifu tupu unamfaa mtu mwenye takwimu tayari, lakini humwacha peke yake na msimamizi, na hapo tunarudi kwa Binti Tukuyu. Na kabla ya kuchukua sampuli nyingine, apite kwa mtendaji wa kijiji apate barua. Nimeona tasnifu ikikwama siku ya utetezi kwa kukosa karatasi moja ya kibali.

#22 Mama Maabara

Mwalimu, achana kwanza na ada. Nina vimiminika vya pH 4, 7 na 10 ambavyo havijapitwa na muda. Ukija Mbeya, njoo na kipimo chako kile kile, usikioshe wala usibadilishe kitu. Tutakipima dhidi ya kipimo changu katika pointi tatu, tujue kimeteleza kiasi gani. Haitarudisha miaka mitatu yote, kwa kuwa hatujui kiliteleza lini, lakini tutajua mwisho wake ulivyo.

#23 Bwana Takwimu

Mwanzo wake unao kwenye daftari la mwaka wa kwanza, mwisho wake utakuwa nao kwa Mama. Katikati inaweza kukadiriwa, ukieleza wazi kwamba umekadiria. Nitumie namba, nitazitazama bure. Msimamo wangu kuhusu wastani haujabadilika.

#24 Mwalimu wa Mafinga

Nashukuru nyote. Nitapanda basi Ijumaa baada ya kipindi cha mwisho. Darasani nimekiri kosa la Magamba na Mkwawa, na yule binti wa dawati la nyuma ameuliza kwa nini hatufanyi jaribio hilo sisi wenyewe. Nimemwambia kuna mtu Makete analifanya.

#25 Mdau wa Mbegu

Hakuna aliyejibu hoja yangu ya mizani. Nitasubiri. Nimezoea kusubiri.

#26 Kijana wa Makete

Nimerudia usiku nne zaidi. Safari hii sufuria zote ni za alumini, maji nimepima vikombe viwili kila moja kwa kikombe kile kile, na zote nimeziweka juu ya ubao mmoja. Usiku wa pili ya baridi ilitangulia. Usiku wa tatu ya moto ilitangulia, nikaamsha watu. Usiku wa nne yalikuja mawingu, hakuna iliyoganda. Usiku wa tano ng'ombe alikunywa moja, sijui ipi.

Mama anataka sufuria zake na sakitu haidumu hadi Septemba. Bwana Takwimu, unahitaji usiku ngapi?

#27 Bwana Takwimu

Ishirini kwa uchache, bila kuhesabu wa ng'ombe. Na kila usiku urushe sarafu kuamua ipi ikae kushoto.